Vibete wanne, watatu siwajui: Deep Rock Galactic kwa asiye na timu

Gemu nyingi za timu zimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kukosa wa kucheza naye. Unaifungua, kitu cha kwanza inakuonesha nafasi tatu tupu kando ya mchezaji wako, kila moja na alama ya kujumlisha: alika rafiki, alika rafiki, alika rafiki. Marafiki ninao, tena wa kufa na kuzikana. Wa gemu ndiyo sina.

Nipo Chake Chake. Kutwa nzima nipo kwenye duka la steshenari, nachapa barua za watu za kuomba kazi, natoa fotokopi za vyeti, nakata picha za pasipoti. Jioni nikishafunga duka na kusali isha, raha yangu ni gemu. Shoga zangu wana raha zao: harusi, taarabu, na Ludo ya simu, ambayo wanaicheza mpaka wananuniana kweli kweli na siku ya pili hawasalimiani. Nimewabembeleza nikachoka. Mmoja alikubali kuja kukaa, akashika kompyuta kidogo tu, akasema kichwa kinamzunguka na hayo mapango yanamtia khofu, akarudi zake kwenye Ludo. Kaka zangu nao ni wachezaji, lakini kwao gemu ni mpira. Wanakwenda kibandani, PlayStation mbili na benchi, mshindi anabaki, aliyefungwa analipia mechi na kuondoka na maneno ya watu mgongoni. Pale wanawake hatukai, na hata ningekaa, mpira wa mmoja kwa mmoja sio ninachokitafuta.

Ninachokitaka ni ile gemu ambayo watu wanne wanahitajiana, kila mtu na kazi yake, akikosekana mmoja wote mnayumba. Na naitaka hali ya kuwa nimekuja peke yangu. Najua inaonekana kama kutaka pilau bila ya kutaka moshi, lakini wapo wengi kama mie, na haya maandishi ni yao.

Kabla ya Deep Rock Galactic nimepita pengi. Dota 2 ni ya bure na watu wamejaa usiku kucha, watano kwa watano. Mechi moja inaweza kufika dakika arobaini, na ukitoka katikati unaadhibiwa. Sasa mwambie mtu wa Pemba asitoke katikati! Umeme wetu unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, tangu 2010, na tunashukuru, maana wanaozikumbuka zile mashine za dizeli za Wesha wanajua tulikotoka. Lakini siku ukikatika hauulizi mechi imefika wapi. Halafu wale wanne usiowajua, ukikosea dakika ya tatu watakutukana mpaka ya arobaini.

Rocket League, ule mpira wa magari, ilitoka 2015 na tangu 2020 hailipiwi. Mechi dakika tano, kwa hiyo hata umeme wetu unavumilia. Niliipenda, nikadhani na kaka zangu nimewapata, maana mpira ni mpira. Kaka mkubwa akatazama gari linaruka hewani kuupiga mpira kwa bodi, akauliza, "Simba ni yepi humu?" Ikawa ndo mwisho. Ile gemu ina maneno mafupi yaliyoandikwa tayari, unabonyeza tu yanakwenda, na mie nikafurahi, nikajua hapa hapatakuwa na matusi. Kumbe watu wameyageuza yale ya pongezi kuwa kejeli. Unafungwa goli la kizembe, mwenzako wa timu yako mwenyewe anakusifia ulivyookoa, mara tatu mfululizo. Sisi huku kwa mafumbo tunajiona hatuna mfano, lakini wale wametufikia.

Left 4 Dead 2 ya mwaka 2009 ndiyo iliyonikaribia zaidi. Wanne mnawakimbia mazombi, na nafasi isiyo na mtu inajazwa na kompyuta. Kwa asiye na timu hiyo ni neema, ila wale wa kompyuta hawakurushii bomu hata siku moja, na ukiingia upande wa kushindana, wanne kwa wanne, mgeni anapigiwa kura ya kufukuzwa kabla hajajua mlango uko wapi. Za simu, PUBG Mobile na Free Fire, sizitii katika hesabu. Simu yangu inachemka mpaka naogopa.

Basi Deep Rock Galactic. Imetengenezwa na Ghost Ship Games, kampuni ya Copenhagen, Denmark. Ilianza kuuzwa Februari 2018 ikiwa bado inajengwa, ikatoka kamili Mei 2020. Hadithi yake haina maneno mengi. Nyinyi ni vibete wenye ndevu, vibarua wa kampuni ya kuchimba madini. Mnashushwa kwa chombo kinachotoboa ardhi ya sayari inayoitwa Hoxxes IV, mnachimba mlichotumwa, mnapigana na wadudu mfano wa buibui wakubwa, kisha mnakimbia kukiwahi chombo cha kurudia. Mapango hayajachorwa na mtu, kompyuta inayatunga upya kila safari. Na ukuta wowote unaouona unachimbika. Ukipotea, toboa. Ukizidiwa, toboa ujifiche ndani. Giza la humo ni giza la kweli, unarusha vijiti vya mwanga mbele kama unayepima kisima, na bado huoni mwisho.

Kazi ni nne. Scout ana ndoana ya kamba inayomvuta popote, na fataki ya mwanga inayoganda juu ya dari ikamulika pango zima. Driller ana keekee mbili, moja kila mkono, anakwenda ndani ya mwamba kama mtu anayepita uchochoroni kwao. Gunner ana bunduki kubwa, kamba ya kutelezea ambayo timu nzima inaipanda, na ngao ya duara mnayojikusanya ndani yake mambo yakiharibika. Engineer anaweka bunduki zinazojipiga zenyewe, na ana kifaa kinachotema vibaraza ukutani, popote unapolenga, pakawa pahala pa kusimama. Mie ni Engineer. Nimezijaribu zote, hapo ndipo nilipotulia.

Sasa turudi kwenye kipimo changu. Gemu hii inamfanyia nini aliyekuja peke yake?

Kwanza inakupa Bosco. Ni roboti mdogo anayeruka, na yupo kwa ajili ya safari za mtu mmoja tu. Unaelekeza leza kwenye dhahabu iliyo juu darini, anakwenda anaichimba. Unaelekeza kwenye mdudu, anampiga. Ukianguka anakuja kukuinua, ingawa mara zake zina kikomo. Anakumulikia, anakubebea mzigo mzito, na pango likinyamaza anabaki anazungukazunguka juu ya kichwa chako. Wadudu nao wanapunguzwa kwa kuwa uko mmoja. Ukiwa peke yako unaweza kusimamisha mchezo, jambo ambalo kwenye nyumba yenye mama anayeita kila baada ya muda lina thamani kuliko silaha yoyote. Mtandao ukiwa umekufa, Bosco bado yupo. Na safari za peke yako zinahesabiwa sawasawa na za kundi: daraja unapanda, fedha unapata, bunduki unaziboresha. Hakuna sehemu inayokufanya ujione umekuja karamuni bila ya kadi.

Mama akipita nyuma ya kiti changu husimama kidogo. Bosco anamjua, anamwita "yule nzi wako". Siku moja akaniuliza kwa nini nzi anafanya kazi yote na mie nimekaa kwenye jiwe. Nilikuwa nabadilisha risasi, lakini sikuweza kumfahamisha.

Lakini mtu hanunui gemu ya watu wanne akakae na roboti. Uhondo upo kwa watu, na hapa ndipo ninapoitofautisha gemu hii na nyingine zote nilizozitaja. Unafungua orodha ya safari zilizo wazi, unaona mwenyeji, aina ya kazi, kiwango cha hatari, na nafasi zilizobaki, unaingia. Nikikaa saa nne usiku, Ujerumani ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea na msimu, watu wametoka kazini, wamekula, wamewasha kompyuta. Orodha inajaa. Mwezi wa Ramadhani ndo zaidi, maana naanza baada ya tarawehe na naweza kwenda mpaka karibu na daku, na wenyeji wanapokezana: wa Ulaya wakilala, wa Marekani ndo kwanza wanaamka kwenye viti vyao.

Nitaeleza safari moja tu, maana ukiielewa hiyo umeielewa gemu yote. Tulikuwa wanne, watatu siwajui. Pango limekwenda juu, dari haionekani, risasi zimetuishia. Kule risasi hazipatikani bure. Kuna madini mekundu yanaitwa nitra, mkifikisha 80 mnaweza kuagiza sanduku la risasi, linatoboa dari na kushuka mbele yenu. Tulikuwa na sitini na kitu. Scout akafyatua fataki yake juu, mwanga ukaganda, tukaiona nitra, mstari mwekundu juu kabisa ya ukuta uliosimama wima, hapana hata jino la kukanyaga. Scout angeweza kujirusha kwa ndoana mpaka pale, lakini angeanguka kabla hajapiga sururu mbili. Akaielekezea leza, mara moja, alama ikatokea kwenye skrini yangu. Nikainua kifaa changu, nikalenga shubiri chini ya ule mstari, nikapiga. Kibaraza cha manjano kikajivimbisha ukutani. Hakikumaliza hata kuganda, ndoana yake imeshanasa: huyo juu, miguu imetua kibarazani, sururu inalia tak, tak, tak. Nimeshampigia cha pili, kushoto, mstari unapoendelea. Akarukia hicho. Cha tatu. Akateremka, akaitia nitra kwa Molly, yule roboti wa miguu minne anayetufuata na mizigo, hesabu ikapita 80. Kisha akanigeukia.

Kuna kitufe kimoja, V. Ukikibonyeza kibete wako ananyanyua sururu juu na kupiga ukelele wa wachimbaji. Akakibonyeza. Nikakibonyeza. Wale wawili waliokuwa mbali wakipigana gizani nao wakajibu. Hapajaandikwa herufi moja na wala hapajatamkwa neno, na mie nilijua yule mtu yuko makini, naye alijua mie ni makini.

Ukelele ule nimeufikiria sana. Hauongezi nguvu, hauongezi alama, kazi yake hasa ni kusema "nimekuona". Umeinuliwa ukianguka, unaubonyeza. Mmefika chomboni, mnaubonyeza. Watu wakiwa wamekaa bila ya kazi wakisubiri mlango, mmoja anaanza, wote wanafuata. Yule aliyeutia humo alijua kwamba wageni wakikutana wanahitaji salamu kabla ya mazungumzo, na pengine salamu peke yake inatosha. Rocket League ilitupa maneno mengi tukayatia sumu. Hawa wametupa ukelele mmoja usiokubali kejeli, maana hata ukiupiga kwa kejeli mtu atakujibu kwa furaha, na wewe umeshindwa.

Kwa mie jambo hilo lina uzito wa ziada. Yaliyonikuta kwenye gemu nyingine siku nilipofungua maiki wakasikia sauti ya mwanamke siyaandiki hapa, dada zangu wanaocheza wanayajua. Huku maiki yangu imezimwa tangu nilipoinunua, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Vibete wote wana ndevu, wote wana sauti ile ile nzito ya mzee aliyekasirishwa na bei ya sukari. Unaweza kumsuka ndevu, kumpaka rangi, kumvika kofia. Wangu ndevu nyekundu kama za mzee aliyetia hina. Wanayemuona ni Engineer, na wanamhukumu kwa vibaraza vyake tu.

Adabu nayo ipo, na hakuna polisi wa kuisimamia. Sanduku la risasi likishuka lina vyumba vinne, kila kimoja kinakujaza nusu ya risasi zako. Gemu haikukatazi kuchukua viwili. Lakini ni kama sinia, unakula upande wako na humegi wa mwenzio mpaka mwenyewe akusukumie. Mara nyingi namuona Gunner anayebanwa na risasi anasimama mbele ya chumba cha tatu, anasubiri, mpaka mtu mwenye akiba akielekezee leza chumba chake, yaani chukua. Ndipo anachukua. Kaka zangu ndani ya nyumba hii hawafanyiani hivyo kwenye sahani ya chapati.

Na kuna zile dakika tano za mwisho. Kazi ikishamalizika, mnabonyeza kitufe kwa Molly, chombo kinashuka mahali fulani, saa inaanza kurudi nyuma. Molly anatangulia, mnafuata njia yake, wadudu wanazidi. Anayefika anapanda, na akitosha mmoja kufika safari inahesabiwa. Kwa hiyo hesabu ya baridi inasema: mwenzako akianguka nyuma, mwache. Watu hawaachi. Nimeona Driller aliyeshafika mlangoni, mguu mmoja ndani, anageuka na kutoboa shimo jipya moja kwa moja mpaka nilipolala, ananiinua, tunarudi kwa shimo lile lile huku saa ikisoma sekunde. Angeniacha asingepoteza kitu.

Sasa mambo ya kwetu. Ukubwa wake ni kama giga 3. Hiyo peke yake ni sababu ya kuipenda, maana kuna gemu za vita zinapita giga 100, na kwa bando la Pemba unaweza ukaanza kuipakua mfungo mosi ukaimaliza mfungo tatu. Kuicheza kwenyewe hakuli bando sana, kinachokula ni masasisho, na hayo nayaachia usiku wa manane. Laptopu yangu ni ya mtumba, nimeagizia Darajani ikaja kwa meli mpaka Mkoani, ina kadi ya picha ya zamani, nayo inaendesha bila ya kulalamika nikishusha vivuli na mwanga. Feni linalia, lakini hata mie nalia.

Gemu haitegemei seva kubwa ya kampuni iliyokaa mbali. Mchezaji mmoja ndiye mwenyeji, na wengine mnaunganishwa kwake. Ukipata mwenyeji wa karibu au mwenye mtandao mzuri, mambo laini. Ukimpata wa upande wa pili wa dunia, utapiga sururu leo madini yatatoka kesho, na mdudu uliyemuona kushoto tayari yuko mgongoni. Dawa ni kuangalia orodha vizuri na kuwa radhi kutoka kwa adabu mapema, kabla safari haijaanza.

Ubaya wa mpango huo ni kwamba mwenyeji akiondoka, safari imekufa kwa wote. Haimpi mwengine uenyeji, mnarudishwa nje mkiwa na vumbi lenu. Mmechimba nusu saa nzima, mwenyeji kaitwa na mkewe, basi. Hili silisamehi, kampuni ilikuwa na miaka ya kulirekebisha. Na kwa sababu ya umeme wetu mie huwa sifungui safari ya umma, naingia kwa watu. Laptopu inakaa na chaji, mtandao natumia wa simu, umeme ukikatika naendelea kizani na vibete wangu, nyumba nzima nje na ndani ya skrini ni giza moja.

Jengine linaloniudhi ni kwamba ama uwe na Bosco ama uwe na watu. Ukifungua safari kwa umma na hakuna aliyekuja, Bosco hayupo, umebaki na Molly, naye hapigani. Wangemruhusu akae mpaka mtu wa kwanza afike, nani angedhurika? Na wapo wenyeji wanaowafukuza wanaoanza wakiona daraja dogo. Si wengi, lakini anayefukuzwa siku yake ya mwanzo hajui kuwa si wengi. Usikae kuhuzunika, ingia kwa mwengine.

Kazi zenyewe baada ya muda zinafanana. Kuchimba, kuokota mayai ya wadudu, kujenga mabomba, kulisindikiza gari la kutobolea linaloitwa Doretta ambalo kila mtu analipenda kama ng'ombe wa nyumbani. Mapango yanabadilika, amri hazibadiliki. Kibete akifika daraja la 25 anapandishwa cheo na kuanza tena kutoka moja, na hapo ndipo mwenye haraka atachoka. Mie huingia safari moja au mbili kwa usiku na kuzima, kwa hiyo hainichoshi. Anayecheza kutwa atasema vyengine.

Kiswahili hakimo, si katika maandishi wala katika sauti. Menyu za kuboresha silaha zina maandishi mengi ya Kiingereza, na mtu wa kwetu aliyepita skuli akisinzia kwenye somo hilo atabahatisha mwanzoni. Ndani ya pango, lugha haihitajiki kabisa.

Halafu kuna baa. Kituo chao cha angani kina baa, vibete wanakunywa bia na kulewa, na vinywaji vyengine vinakupa nafuu safarini. Najua wapo wazazi watakaoliona hilo wakafunga kompyuta, na siwalaumu, waangalie kwanza. Si lazima kuikanyaga, unaipita ukaenda moja kwa moja kwenye chombo. Ila watengenezaji wana mzaha wao: kuna kinywaji kimoja cha majani kinachomzindua mlevi papo hapo, na vibete wanakichukia, ukikinywa wanakusimanga. Hicho ndicho ninachoagiza mie, nikiwanunulia na wenzangu. Watatu wenye kiu ya bia wanasimama na gilasi za majani mkononi, wananitazama. Nabonyeza V.

Bei yake ya kawaida kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni dola 29.99, na kwa bei hiyo mtu wa mshahara wa fotokopi asinunue. Hushushwa mara kwa mara, tena kwa kiasi kikubwa, pamoja na misimu ya punguzo ya Steam. Weka kwenye orodha ya kusubiri, utaletewa taarifa. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, ikapita. Vifurushi vya ziada vinavyouzwa pembeni ni nguo na mapambo tu, havimpi mtu nguvu, kwa hiyo aliyevinunua na asiyevinunua wanakufa sawasawa. Mie sijanunua hata kimoja, hina yangu nimeipata bure.

Ukiinunua, safari za mwanzo nenda na Bosco, hatari ya kwanza au ya pili, mpaka mkono uzoee leza, maana leza ndiyo mdomo wako humo ndani. Kisha ingia kwa watu ukiwa Gunner, yeye hakosi kupendwa. Engineer ngoja kwanza, ujue Scout anataka nini kabla hajataka. Na kama laptopu yako haina betri inayoshika chaji, tafadhali usifungue safari ya umma. Watu watatu usiowajua watakulaani kwa lugha tatu, na Tanga haitakuja kukutetea.